Mwaka Tuliomngoja Mjomba

Ujumbe wa Hilda ulikuwa mfupi, kama kawaida yake: "Edna, mjomba ametutoka. Tunazika kesho." Nilikuwa kazini Dodoma, kwenye famasi ya hospitali, nikibishana na mtu aliyeniletea maboksi ya dawa yaliyolowa na bado akataka niyapokee hivyo hivyo. Nilimwambia ayaondoe mbele ya macho yangu, nikavuta kiti nikakaa. Mazishi nisingeyawahi, Newala si Morogoro. Nilifika siku ya kuanua tanga, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, na niseme kweli yangu mapema ili tusisumbuane huko mbele: Mzee Rafaeli, mjomba wake Hilda, nilikuwa na kinyongo naye tangu nikiwa msichana wa kidato cha sita. Watu hunishauri nisamehe mambo ya zamani. Mimi huwajibu kwamba ya zamani ndiyo ninayoyajua vizuri. Basi gari lilipoiacha Masasi na kuanza kupanda, ubaridi wa juu kule ukaanza kuingia dirishani, na mimi nikawa naurudia mwaka ule kichwani tangu mwanzo wake. Kadiri nilivyourudia ndivyo nilivyozidi kununa.

Tulikuwa wasichana wanne katika chumba kimoja, kwenye shule iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Masasi, upande wa Lisekese. Wawili sitawaandika, wako hai na wana mambo yao. Wa tatu ni mimi na wa nne ni Hilda. Sote tulisomeshwa na wafadhili kupitia kanisa, na bweni lilipojaa, matroni akatuhamishia kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya jiko. Kilinuka unga na mafuta ya taa, na ukutani palibaki misumari ya kutundikia ungo, tukaitumia kutundika sare zetu. Wenzetu walituita watoto wa wageni. Hatukukasirika sana, maana chumba kilikuwa na faida yake: jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na Jumapili tulijua kama ni wali au ugali kabla shule nzima haijatoka kanisani. Hilda alilala kitanda cha chini. Alikuwa mtoto wa Newala kweli kweli, aliyekulia mahali ambapo maji huchotwa bondeni huko na kupandishwa mlima kichwani, na hata pale shuleni palipokuwa na bomba alioga kwa kopo moja tu, kisha akawa safi kutushinda sisi tuliomwaga ndoo nzima. Akirudi likizo alituletea ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo. Mimi Mmakua nilimtania kwamba kwao wanachimba chakula porini kama nguruwe, naye ananitazama ninavyobugia, ananijibu taratibu, "Ndiyo, nguruwe mwenzangu. Kula."

Huyo Hilda ndiye aliyekuwa wa kwanza katika baiolojia na kemia, na si kwa kukesha. Siku ya sikukuu ya shule waliletwa kuku jikoni, akaomba kisu, akawa anawapasua huku sisi tumemzunguka. Hili ini, hii nyongo msiiguse, hapa ndipo moyo unapopokea damu. Wapishi walicheka wakasema wamepata daktari wa kuku. Yeye hakucheka. Jioni, tukikunja nguo, aliniambia peke yangu, kwa sauti ya chini kabisa, "Edna, mimi nataka udaktari. Si unesi. Udaktari." Nikamuuliza mbona ananong'ona kama mwizi. Akasema bado hajamwambia mjomba.

Nieleze kidogo kwa msomaji asiyetoka huku kwetu. Wamakonde, Wamakua, Wayao, wote sisi mtoto ni wa upande wa mama. Baba yupo, mnakula naye, mnampenda, lakini jambo kubwa la mtoto, kuolewa, kuchezwa unyago, kwenda mbali, lina mwenyewe, na mwenyewe ni kaka yake mama. Siku hizi wengi tumelegeza kamba hiyo, na hata wakati ule nyumba nyingi za misheni Masasi zilikuwa zimeshailegeza. Kwa kina Hilda ilikuwa bado imekaza. Na ilikuwa na sharti moja ambalo ndilo lililotuua: jambo lenyewe halitumwi. Huwezi kumwambia mtu wa njiani, "Kamwambie mjomba nataka hiki." Huko ni kumdharau, ni kumfanya asikie mambo ya mpwa wake kinywani mwa mpita njia. Unachotuma ni kwamba una neno, basi. Yeye atakuja, au atakuita, utakaa chini mbele yake, utasema.

Habari yenyewe tuliisikia kupitia ukuta. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ya kupumzika, na matroni wetu, Mama Tadei, alikuwa jikoni anaongea na padri aliyesimamia mambo ya ufadhili. Padri akasema mratibu wa wafadhili anakuja kutoka Dar es Salaam, anataka kuongea na hawa wasichana wanne mmoja mmoja. Kuna nafasi mbili za kulipiwa chuo kikuu. Atakaowachagua, majina yao yanaondoka naye. "Moja ya Hilda," Mama Tadei akasema, "hiyo hata tusijadili. Nyingine waipiganie hao watatu." Tulitazamana tukiwa vitandani. Wakati ule mtoto wa mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia udaktari, au niseme palikuwa na mwingine mwembamba sana, wa kufaulu mtihani wa taifa mpaka serikali yenyewe ikuchukue, na wangapi kutoka Masasi walipita hapo? Mimi nilianza kupiga hesabu zangu za kupigana. Hilda akakaa kitandani akasema, "Lazima mjomba aje kabla ya huyo mratibu."

Alimpata dereva wa lori la korosho aliyekuwa anapanda Newala, akamwambia amfikishie Mzee Rafaeli kwamba mpwa wake wa Masasi ana neno, anaomba aje. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Dereva alipokwenda nikamshika mkono.

"Ungemwambia ni la shule. Ungemwambia ni la haraka."

"Neno ni neno, Edna. Atajua."

"Atajuaje? Msimu wenyewe wa korosho huu, mtu ana magunia yake nje, ataacha kila kitu kwa sababu una neno?"

"Ataacha," akasema Hilda. Akaongeza, "Usinitishe."

Siku zile za kungoja nazikumbuka kwa harufu ya mabibo. Miembe na mikorosho yote ya eneo lile ilikuwa imezaa, mabibo yameanguka yanaoza, nzi wamejaa, na sisi tunakula maharage yale yale na ugali ule ule. Kila basi la Newala lilipopita barabarani Hilda aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Alianza kuacha chakula. Mama Tadei alimwona, akamwita jikoni, na sisi tukabandika masikio ukutani bila aibu yoyote. Hilda akamweleza. Mama Tadei alikuwa mama wa Kiyao, mambo ya wajomba anayajua kama vidole vyake, lakini alikuwa pia mtu wa kutazama mbele. Akamwambia, "Mwanangu, mjomba asipofika, wewe sema unataka udaktari. Akija tutamwomba radhi, nitapiga magoti mimi mwenyewe." Kisha tukamsikia Hilda, "Mama, nikisema kabla yake nitakuwa nimemzika akiwa hai. Ndiye aliyenilea. Siwezi." Mama Tadei hakumfokea. Alimpa kikombe cha uji, akamsimamia mpaka akamaliza.

Mratibu alikuja na mjomba hakuja. Niliwahi kumchukia yule mama, lakini sasa nikiwa na umri kama wake namwona alikuwa mtu mzuri. Alitupikishia pilau kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, akakataa kukaa meza kuu, akakaa nasi. Alituuliza majina ya mama zetu. Kosa lake ni kwamba alikuwa mtu wa bara, wa kule ambako mtoto ni wa baba, na moyoni alikuja kuwaokoa wasichana dhidi ya ndugu zao. Baada ya kula akawa anaingia na mmoja mmoja kwenye chumba kidogo, dirisha wazi kwa sababu ya joto, na sisi wengine tuko barazani. Mimi niliingia kabla ya Hilda. Akaniuliza nataka kusoma nini na nani ameamua. Nikajibu, "Nataka ufamasia, nimeamua mwenyewe." Ukweli ni kwamba neno lenyewe famasia nilikuwa nimelisoma ukutani hospitali ya Mkomaindo wiki chache nyuma, na sikuwa nimeamua lolote. Nilijibu kwa sababu niliona uso wake unataka jibu la namna hiyo. Alifurahi, akaandika. Msinitafutie toba hapa, sijutii. Mtu akikufungulia mlango unaingia.

Hilda akaingia. Tulisikia kila kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Hilda. Nimeona matokeo yako, mwanangu, hongera sana. Sasa niambie, ungependa kusomea nini?"

"Mjomba bado hajasema."

"Mjomba?" Sauti ya mratibu ilibadilika. "Baba yako yupo?"

"Yupo, mama. Mzima kabisa. Lakini ni baba tu."

"Sikiliza, Hilda. Hapa hakuna mjomba wala baba. Hapa ni mimi na wewe. Wewe mwenyewe, moyoni mwako, unataka nini?"

Mimi nilikuwa nimekamata nguzo ya baraza. Nilikuwa namwambia kimoyomoyo, sema, Hilda, sema neno moja tu, udaktari. Padri naye alikuwa barazani na sisi, anaangalia chini. Ndani, Hilda akasema kwa adabu yote ya kwao, "Mama, naomba unisubirie kidogo. Akija mjomba nitakujibu. Nimemtumia neno."

"Kuna mtu anataka kukuozesha?"

"Hapana, mama."

"Wanakukataza shule?"

"Hapana. Hawajaulizwa."

Mratibu alivuta pumzi. Tulimsikia akimwambia, kwa upole uliotuumiza kuliko ukali, kwamba wafadhili wanatafuta wasichana wanaosimama kwa miguu yao, wanaojua wanakokwenda, kwa sababu chuo kikuu ni mbali na nyumbani na hakuna mjomba kule. Hilda akajibu, "Ndiyo, mama." Akatoka, akakaa kando yangu, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Padri alijitahidi. Aliingia kumweleza mratibu habari za mila, tukamsikia akihangaika na maneno, na yule mama akamjibu kwamba hizo ndizo mila anazozipinga yeye siku zote. Jioni hiyo akaondoka kuelekea Mtwara. Majina aliyoondoka nayo ni langu na la mmoja wa wale wawili.

Kesho yake mchana, Mzee Rafaeli akaja. Namwona mpaka leo, amesimama kwenye uwanja wa shule na koti jeusi la kanisani, jua la Masasi linamchoma, kofia mkononi, kapu la ming'oko na kuku mzima miguuni pake. Alikuwa ameacha korosho zake kwa jirani. Alikuwa amezunguka kwanza kwa dada zake wote kuwauliza kama wanajua posa yoyote iliyomjia Hilda, maana msichana wa umri ule akisema ana neno, mjomba gani atafikiria jambo jingine? Ndiyo maana alichelewa. Hakuchelewa kwa uzembe, alichelewa kwa kujiandaa. Mama Tadei alimtandikia mkeka nyuma ya jiko, mimi nikaleta maji, na kwa kuwa hakuna aliyenifukuza nikabaki mlangoni.

Hilda alipiga magoti akamwamkia. Mzee akaitika, akakohoa, akasema, "Haya. Nimekuja. Huyo kijana ni wa wapi?"

"Hakuna kijana, mjomba. Nataka kusomea udaktari. Naomba kauli yako."

Mzee alivua koti, akalikunja, akaliweka pajani. Nilidhani anatafuta maneno ya kukataa. Kumbe alikuwa anataka kuyasema vizuri. Akasema, "Mimi shule yangu ilikoma darasa la nne. Nani atakukataza wewe? Nenda. Wakikuuliza, waambie mjomba amesema nenda." Alikuwa anatabasamu, meno yote nje, mzee wa watu. Na Hilda, ambaye alijua majina yamekwisha kuondoka, ambaye usiku uliopita hakuwa amefumba jicho, akainamisha kichwa akasema, "Asante, mjomba. Nimepokea." Hakuongeza neno. Mimi nilitaka kupiga kelele pale mlangoni. Mama Tadei akaniangalia jicho la kuninyamazisha, akamwambia mzee kwamba atamsindikiza hadi barabarani, wakaenda wote wawili polepole. Hilda akabaki anachambua ile ming'oko kwenye kapu.

Alifanya mtihani, lakini aliufanya kama mtu mwingine, si yule niliyemjua. Alipata matokeo ya kumpeleka ualimu, ya udaktari hayakufika. Nyumbani alisema amebadili mawazo, ameupenda ualimu. Niliporudi likizo ya kwanza ya chuo nikamuuliza kwa nini hamwambii mjomba wake ukweli. Akanijibu, "Akijua kwamba ni kwa ajili yake, atakufa. Na wewe ukimwambia, urafiki wetu umekwisha." Nikafunga mdomo, na kwa jinsi nilivyo msemaji, mnajua gharama yake. Miaka yote hiyo nilipokwenda Newala nilimwamkia mzee, nilikula kwake, na moyoni nilikuwa namwambia: wewe na koti lako, wewe na magunia yako. Hilda akawa mwalimu wa baiolojia, mwalimu mzuri, wanafunzi wake wengine leo ni madaktari. Watu wakimwambia hivyo ili kumfariji, huwa anainuka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Siku ya kuanua tanga ua ulijaa watu. Tulikula ubwabwa na mbaazi, wazee wakasema ya kusema, na mmoja akamsifu marehemu kwamba ndiye mjomba wa kwanza ukoo ule kumruhusu mpwa wa kike asome mpaka kidato cha sita na kuendelea. Watu wakaitikia. Hilda alikuwa anatazama mikono yake. Mimi nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, maana ningebaki pale ningesema kitu. Mjane wa mzee, Mama Stefano, alikuwa huko anakosha masufuria na wanawake wawili watatu. Nikakaa kumsaidia. Baadaye Hilda naye akaja, wale wanawake wakabeba vyombo kupeleka ndani, tukabaki watatu.

Mama Stefano akaniita kwa jina la mwanangu, bila kuinua macho, "Mama Beni, wewe humpendi mzee wangu. Nimeona siku nyingi."

Nilitaka kukana, nikashindwa. "Mama, yamepita," nikasema.

"Hayakupita. Yeye alijua." Akamgeukia Hilda. "Alijua, mwanangu. Matroni wenu alimwambia siku ile ile, akiwa anamsindikiza barabarani. Kwamba wageni wameondoka jana yake, na wewe ulikataa kusema kwa ajili yake. Alifika hapa akakaa na koti lake mwilini mpaka ugali ukapoa. Akaniambia, nimemchelewesha mtoto nikidhani ni posa."

Hilda aliacha sufuria lizame kwenye beseni.

"Hukuona alivyogeuka?" Mama Stefano akaendelea. "Tangu hapo mtoto wa dada yake akiletwa kuombewa kauli, anamuuliza mwenyewe, unatakaje? Akishasema, anamwambia nenda, usinisubiri mimi. Watu wakasema mzee amelegea. Ukoo mzima ulimteta."

"Hata mimi," Hilda akasema. "Nilipomleta binti yangu Neema, alipotaka kwenda chuo, hakutaka hata tukae. Nilirudi nyumbani nalia. Nilidhani ametuchoka."

"Hakuwachoka."

"Basi kwa nini hakuniambia, mama? Miaka yote hii nakuja hapa, nakaa naye, namdanganya nimependa ualimu, na yeye ananiitikia. Kwa nini hakuniambia hata neno moja?"

Mama Stefano alijifuta mikono kwenye kanga, akamshika Hilda bega.

"Alisema neno ni lako," akamwambia. "Wewe ndiye mwenye kulianza. Alikuwa anakungoja."